Koini za ukumbusho zilizotoka chache, unazipataje ukiwa huku Kampala

Watu wengi hapa wakisikia koini ya ukumbusho wanakimbilia ile ya elfu moja ya 2012, ya miaka 50 ya uhuru, wanaificha kabatini wakingoja bei ipande. Jamani ile ilitolewa itumike sokoni. Weka moja safi ya wajukuu, zingine kula roleksi, ile chapati ya mayai.

Cha kuangalia ni zilitengenezwa ngapi, mambo ya uzee achana nayo. Kuna peni 50 ya Uingereza ya 2009 yenye mnara wa Kew Gardens, bustani ya mimea ya London, zilitoka 210,000 tu na watu wakawa wanalipia nazo maziwa miaka yote hiyo bila habari, mpaka 2014 Royal Mint, kiwanda cha koini cha Uingereza, ikatangaza kwamba hiyo ndo ilotoka chache kuliko peni 50 zote zinazotumika, bei ikaruka, sa hizi moja inavuka pauni 100. Koini ni ileile, watu tu ndo wamejua hesabu. Siku hizi imepitwa na ile ya samaki samoni ya 2023, hiyo ni 200,000. Alafu iko euro 2 ya Monaco ya 2007 yenye Grace Kelly, yule mcheza sinema aliyeolewa na mtawala wa huko, 20,001 basi! Mtu akikuuzia hiyo kwa bei ya soda, kimbia.

Lakini uchache peke yake hautoshi. Ziko koini kibao zenye jina la Uganda zilizotengenezewa wakusanyaji wa nje, hazijawahi hata kuonekana soko la Owino, idadi yake ndogo kweli ila wanaozitaka ni wachache zaidi. Zile za fedha na dhahabu za ziara ya Papa Paulo VI, 1969, angalau madini yake yana bei.

Sa unazipata wapi? Mi naenda Entebbe, penye uwanja wa ndege na watalii. Maduka ya forex ya kubadili pesa hawapokei koini za nje, kwa hiyo mhudumu wa hoteli au dereva wa watalii akipewa tipu ya koini inabaki kwenye mkebe tu miaka na miaka, wewe nenda na shilingi zako, mpe bei nzuri kuliko thamani iloandikwa, atakupigia simu mwenyewe siku ingine. Na kama una dada London mwambie akija Krismasi asiache chenji yake huko.

Kabla hujalipa soma mwaka, maana Kew ilirudiwa 2019 na hiyo sio yenyewe. Pima kwa mizani ya sonara, iwe gramu 8, na sumaku isiishike.

Alafu USISAFISHE. Mi nilikuwa na shilingi 5 ya 1968, ile ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, nikaisugua kwa majivu na limau ikang'aa kama sufuria ya bi harusi, nikampelekea mnunuzi mmoja kwa furaha, akaitazama mara moja akanirudishia. Shika pembeni kwa vidole, weka kwenye kadi za koini, sio nailoni laini inayoacha utando wa kijani, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya boksi la viatu usivitupe, huku karibu na ziwa vinasaidia sana.

Bei usisome zile watu wanazoomba kwenye eBay, soko la mtandaoni, kuomba ni bure, chuja uone zilizouzwa kweli. Na ukiuza nje usitume kwa bahasha, subiri ndugu anayesafiri.