Soketi za Python: Mazoezi ya Mtandao kwa Mdukuzi Anayeanza

Zana za kuchunguza mitandao zimejengwa juu ya soketi, yaani ncha ambazo programu hutumia kutuma na kupokea data mtandaoni. Andika zako mwenyewe kwanza. Baadaye utajua zana inapokupa jibu la kweli na inapokubahatishia. Unahitaji Python 3 na terminali mbili tu. Kazi yote ibaki 127.0.0.1, yaani ndani ya kompyuta yako. Kugusa mashine ya mtu bila idhini yake ni kosa la jinai katika nchi nyingi, hata kama hukuharibu kitu.

Hatua ya 1: seva

Hifadhi kama `seva.py`. Usiliite faili lako `socket.py`, maana `import socket` italivuta hilo badala ya moduli halisi.

```
import socket, time

s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_STREAM)
s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_REUSEADDR, 1)
s.bind(("127.0.0.1", 5050))
s.listen()
m, anwani = s.accept()
print("Ameingia:", anwani)
time.sleep(1)
while True:
    kipande = m.recv(4)
    if not kipande:
        break
    print(kipande)
m.close()
s.close()
```

Bila mstari wa `SO_REUSEADDR`, ukiiwasha seva upya mara tu baada ya kuizima unaweza kukutana na "Address already in use": mfumo bado unaishikilia poti (namba ya mlango ambao programu husikilizia) kwa muda. Poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida hudai mamlaka ya msimamizi kwenye Linux, ndiyo maana tumechukua 5050.

Hatua ya 2: mteja

```
import socket

m = socket.create_connection(("127.0.0.1", 5050), timeout=5)
m.sendall(b"habari")
m.sendall(b"dunia")
m.close()
```

Washa seva kwanza, kisha mteja kwenye terminali ya pili. Ukipata `ConnectionRefusedError`, hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Ukisahau ile `b`, Python itakataa, kwa sababu soketi hupokea baiti, si maandishi. Maandishi yageuze kwa `.encode("utf-8")`.

Hatua ya 3: soma matokeo kwa makini

Seva itachapa `b'haba'`, `b'ridu'`, `b'nia'`. Ulituma mara mbili, vimefika vipande vitatu, na kimoja kimechanganya maneno yote mawili. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama. TCP, itifaki inayobeba data ya soketi hizi (`SOCK_STREAM`), hulinda mpangilio wa baiti, lakini haijui ujumbe wako unaanzia wapi wala unaishia wapi. Kuandika `recv(1024)` badala ya `recv(4)` hakuliondoi tatizo: 1024 ni kikomo cha juu, si ahadi. Programu itaonekana nzima kwenye mashine yako, kisha ianze kukatakata data kwenye mtandao halisi.

Dawa yake ni kutanguliza urefu wa ujumbe katika baiti 4:

```
import struct

def tuma(m, data):
    m.sendall(struct.pack("!I", len(data)) + data)

def pokea(m, n):
    data = b""
    while len(data) < n:
        kipande = m.recv(n - len(data))
        if not kipande:
            raise ConnectionError("upande wa pili umefunga")
        data += kipande
    return data
```

Upande wa kupokea, ita `pokea(m, 4)`, fungua urefu kwa `struct.unpack("!I", ...)[0]`, kisha `pokea(m, urefu)`. Usiuamini urefu huo! Baiti 4 zinaweza kudai karibu gigabaiti 4, na mteja mwenye nia mbaya atadai hivyo ili ajaze kumbukumbu yako. Weka kikomo, tuseme 65536, na anayekizidi mkatie muunganisho.

Hatua ya 4: kichunguzi cha poti

Washa tena seva ya hatua ya 1, kisha:

```
import socket

for poti in range(5000, 5101):
    with socket.socket() as k:
        k.settimeout(0.5)
        if k.connect_ex(("127.0.0.1", poti)) == 0:
            print(poti, "iko wazi")
```

Kila poti inahitaji soketi mpya. `connect_ex` ikirudisha sifuri, maana yake muunganisho umekamilika. Kwenye Linux, 111 ni kukataliwa. Muda ukiisha bila jibu lolote, usiseme poti imefungwa: huenda ukuta wa moto (firewall, kichujio cha mtandao) unazitupa pakiti za data kimyakimya.

Sasa rudi kwenye terminali ya seva. Imechapa anwani ya kichunguzi na kuzimika, kwa kuwa `accept` ilimpata mteja na `recv` ikaleta baiti tupu. Uchunguzi wa namna hii huonekana upande wa pili.