Kinyonga hanyweshwi kwa sindano

Mwezi wa saba kijana mmoja wa Ipuli aliniletea kinyonga ndani ya boksi la viatu. Mnyama kainua kichwa, kinywa wazi, na kila akivuta pumzi puani kunatoka kapovu. "Bwana mifugo, maji nampa kila siku, sindano nzima." Kesho yake akafa. Alikuwa na maji mapafuni, na aliyeyatia ni mwenyewe kijana, kwa huruma zake.

Kosa hili nimelikuta hapa Tabora mara nyingi kuliko jingine lolote, na mwanzo wake ni uleule. Mtu anaweka kisahani cha maji kama cha vifaranga. Siku mbili maji hayajaguswa. Anaamua mnyama amegoma, anamfungua kinywa kwa kucha na kusukuma bomba la sindano. Hajagoma! Maji yaliyotulia kwenye kisahani kwa kawaida hayatambui kuwa ni maji. Porini anaramba matone ya umande na mvua juu ya majani, basi. Na tundu la njia yake ya hewa liko palepale kwenye sakafu ya mdomo, kwa hiyo ukisukuma maji kwa nguvu, ni rahisi kabisa yapite huko badala ya kooni. Sindano ni ya daktari wa mifugo.

Sasa fanya hivi. Asubuhi, saa 12:30, kabla jua halijakaza, nyunyizia majani kwa chupa ya kunyunyizia, ukungu mwembamba, dakika 3 kamili. Nasema dakika, si mipuliko mitatu halafu unakimbilia chai! Kinyonga huchelewa kuanza. Mara nyingi dakika ya kwanza anafumba macho tu, ya pili ndiyo anaanza kuramba. Usimlenge usoni. Lenga majani ya juu yake, matone yamdondokee yenyewe. Rudia saa 10:30 jioni, ili majani yakauke kabla ya giza. Mchana acha, maana bomba lililolala juani hutoa maji ya moto. Na asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiuma, maji yawe vuguvugu kidogo mkononi.

Kiangazi hiki kikavu ongeza na tone. Chukua chupa ya nusu lita, pasha moto sindano ya kushonea, toboa tundu moja chini, ining'inize juu ya majani. Kizibo ndicho koki: ukikilegeza maji yanakwenda, ukikikaza yanapungua. Unataka tone moja kila sekunde moja au mbili, kwa nusu saa ya asubuhi. Hesabu kwa saa, usikisie. Nusu saa hiyo haimalizi hata robo ya chupa, kwa hiyo anayeniambia maji ni ghali anatafuta sababu. Weka kopo chini likinge, na maji ya kwenye kopo usiyarudishe juu.

Majani yawe ya mpera au kitu kama hicho. Mnyaa wa uani usimwekee, utomvu wake mweupe unaunguza macho.

Wengine, wakisikia "unyevu", wanafunika kibanda chote kwa nailoni. Unyevu usiokauka na joto lisilotoka navyo vinaleta ugonjwa wa mapafu. Kibanda kiwe cha wavu, na kikauke kati ya asubuhi na jioni. Mvua zikianza Novemba, siku za mvua ya asubuhi unaweza kuruka zamu hiyo, mradi kibanda kinapata matone.

Dalili njema: macho yamejaa, na ile sehemu ya mkojo kwenye kinyesi ni nyeupe. Ikiwa ya rangi ya chungwa na macho yamebonyea, ana kiu. Ongeza muda wa tone, usirudi kwenye sindano.

Na aliyekwisha kumnywesha kwa nguvu, akaona kinywa wazi au mapovu, ampeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Asisubiri Jumatatu.

Jambo jingine linalonikera: kumnyunyizia kinyonga kwa bomba lililopulizia dawa kwenye tumbaku. "Nimeliosha kwa sabuni, Bwana mifugo." Hata uoshe mara saba. Chupa mpya ya kunyunyizia inauzwa dukani, na kinyonga, kwa wale mlio na kibali cha kumfuga, mnajua wenyewe mlivyohangaika kumpata.