Huyu mpiga drams wako ana mikono mingapi? Drams za kompyuta kwa sisi wa studio za chumba kimoja

Studio yangu ni chumba kimoja hapa Uyole, Mbeya, bati juu bila siling'i ya maana, na msimu wa mvua ukifika kuna masaa huwezi kurekodi hata kofi, sasa seti nzima ya drams ungeiweka wapi, na maiki ngapi, na jirani mwenye mtoto mchanga umwambie nini? Kwahiyo kwaya zikija, na huku kwetu kwaya ndo wateja wenyewe, bongofleva wanakuja wawili watatu kwa mwezi tena kwa mkopo, drams napiga kwenye laptopu.

Miaka ya mwanzo zilikuwa zinasikika kama mtu anagonga ndoo. Mi nikajua tatizo ni sampo, yaani sauti za drams halisi zilizorekodiwa, nikawa nakesha na bando la usiku nashusha seti moja ya sampo baada ya nyingine, giga na giga, na bado ndoo ni ile ile. Siku moja dogo mmoja anayepiga drams kanisani kule Tukuyu akapita kuchukua flashi yake, akainama kwenye skrini akaangalia nilivyopanga noti, alafu akaniuliza taratibu, "Kaka, samahani, huyu jamaa yako ana mikono mingapi?" Nikaangalia. Haihati (yale matoazi mawili ya mguu) inaenda, sneya (ile ngoma ya mlio wa kukata) ipo, krashi (toazi kubwa) ipo, na tomu mbili (ngoma za pembeni) zinajibizana, vyote kwenye biti moja. Dogo alicheka mpaka akakalia spika.

Basi hapo ndo nilianza kujifunza upya, na ntakueleza navyofanya sa hivi. Programu ya kurekodia mi natumia REAPER, wengi wenu najua mko FL Studio, haina shida. Plagini za drams, yaani programu ndogo zinazoingia ndani ya hiyo kubwa na kutoa sauti, za bure zinatosha kabisa kuanzia, MT Power Drum Kit 2 ipo na Steven Slate Drums 5.5 Free ipo, ukija kupata hela kuna Addictive Drums na EZdrummer. Cha kuangalia ni kimoja tu, plagini iwe na uwezo wa kutoa kiki (ngoma kubwa ya mguu) njia yake, sneya njia yake, haihati njia yake, maana bila hivo kule mbele kwenye kumiksi, yaani kusawazisha sauti, utakuwa umefungwa mikono.

Sasa noti. Plagini nyingi zinafuata mpangilio wa General MIDI, unaosema noti namba ipi ni ngoma ipi, uliotoka mwaka 1991, ukishaushika kichwani unahama plagini bila presha: kiki ni namba 36, sneya 38, kugonga ukingo wa sneya 37, haihati iliyofungwa 42, ya mguu 44, iliyofunguka 46, krashi 49, raidi (toazi la kupigia mwendo) 51, tomu zipo katikati hapo kuanzia 41 mpaka 50. Shika namba usishike jina la herufi, kwasababu 36 hiyo hiyo FL Studio inaiita C3 na Cubase, programu nyingine ya kurekodia, inaiita C1, watu wanabishana kumbe wote wako sahihi. Kuna plagini zina mpangilio wao, ila nyingi zina sehemu ya kubadilisha.

Kwenye kupanga, sahau kipanya kwanza. Nina kibodi kadogo ka midi ka funguo 25, napiga kiki na sneya kwa vidole wimbo mzima, alafu narudia mwanzo napiga haihati peke yake juu yake. Kwa kazi hii bafa (ule muda kompyuta inajipa kuandaa sauti) iweke 128, kwenye kasi ya kurekodi ya 44100 Hz hiyo ni kama milisekunde 3, huisikii. Ukiacha kwenye 1024 unapiga sasa hivi sauti inakuja milisekunde 23 baadae na utadhani wewe ndo huna taimingi. Kama huna kibodi chora tu kwa kipanya, ila kila ukichora jiulize swali la dogo. Mtu ana mikono miwili na miguu miwili. Mkono wa haihati ukienda kwenye krashi, haihati kwenye hiyo biti haipo, ifute. Ukipiga tomu kuingia kwenye kiitikio mikono yote miwili imeshaenda kule, kilichobaki ni miguu, yaani kiki na ile 44. Na krashi karibu mara zote inapigwa pamoja na kiki, krashi peke yake hewani inasikika kama sufuria limedondoka jikoni.

Alafu velositi, yaani nguvu ya kila pigo, hapa ndo penyewe, kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu fanya hiki. Velositi inaenda 1 mpaka 127 na ukichora kwa kipanya programu inakuwekea zote sawa, sasa hakuna binadamu anapiga hivo, na plagini nzuri ina sampo tofauti za kupiga taratibu na kupiga kwa nguvu, ukiweka zote 127 unakuwa umetumia sampo za juu tu, zile zingine ulizopotezea bando hazijawahi kulia hata siku moja. Chukua mfano wa sita kwa nane, maana nyimbo za kuabudu za kwaya nyingi ziko humo: hesabu moja mpaka sita, kiki kwenye moja, sneya kwenye nne, haihati kote. Haihati mi naipa 100 kwenye moja, 62, 74, alafu 95 kwenye nne, 60, 78, na mzunguko unaofuata nabadilisha kidogo usifanane. Sneya ya nne inakaa kati ya 108 na 118. Alafu kuna zile sneya ndogo ndogo za katikati ambazo mpiga drams anagusa tu, weka 25 mpaka 40, hutazisikia kama noti, utasikia wimbo umeanza kutembea. Taimingi nayo sogeza, sneya ichelewe milisekunde 5 mpaka 10 kwenye wimbo wa taratibu, haihati iyumbe kidogo, ila kiki iache kwenye mstari ishikane na besi. Usibonyeze kile kitufe cha kuchanganya kila kitu ovyo, hicho kinakupa mpiga drams mlevi.

Na fili, yale mapigo ya kujazia kabla ya sehemu mpya, zisiwe nyingi jamani. Kwaya ina mahali pa kuvuta pumzi, mwalimu wa kwaya anapajua, fili iishe pale. Ukiiweka juu ya maneno mama wa soprano atakuuliza kwanini umempigia kelele.

Twende kwenye njia, yaani kila ngoma itoke kwenye traki yake. Hapa nimeumia. Kwenye FL Studio chagulia plagini traki ya mikisa, tuseme 10, bonyeza gia pale juu kushoto ya dirisha la plagini, ingia sehemu ya processing, bonyeza "Auto map outputs", sasa autiputi zinajipanga kwenye traki zinazofuata, kwahiyo hakikisha 11 na kuendelea ziko tupu usije ukakuta sneya inapita kwenye riverbu (mwangwi) ya mwimba solo. Kwenye REAPER chagua "Insert virtual instrument on new track", ikikuuliza kama itengeneze traki za autiputi sema ndio. Alafu ingia ndani ya mikisa ya plagini yenyewe uelekeze kiki autiputi 1/2 (kushoto na kulia), sneya 3/4, haihati 5/6, hivo hivo mpaka tomu, maiki za juu (zile zilizowekwa juu ya seti sampo zikirekodiwa) na za chumba. Watu wengi wanasahau hii hatua ya ndani, wanaona traki kumi na sita nzuri zenye majina ila sauti yote bado inatokea ya kwanza.

Kosa langu lilikuwa traki mama yenye plagini ilikuwa bado inapeleka 1/2 masta (traki ya mwisho ya wimbo wote), na pembeni kuna traki ya kiki inapokea 1/2 hiyo hiyo na yenyewe inapeleka masta. Sauti ile ile mara mbili, inapanda dB 6. Jioni nzima nilipambana na hiyo kiki, nakata besi kwenye ikwalaiza, kiki haishuki, mvua inapiga bati, mwenye wimbo kakaa nyuma yangu anapiga miayo. Nikiifunga traki ya kiki kabisa bado naisikia! Hapo ndo akili ikanijia. Kwahiyo jaribio ni hilo, funga traki moja moja, ukifunga sneya na sneya bado inalia kwa nguvu kuna njia mbili mahali. Ikilia kwa mbali sawa, hiyo ni ya maiki za juu na za chumba, ndivyo inavyotakiwa.

Zote zikusanye kwenye basi moja la drams, sio la kwenda Dar, namaanisha traki moja ambayo zote zinapitia, ili ukiambiwa drams punguza ushushe feda moja, kile kitelezi cha sauti.

Kumiksi sasa kunakuwa kazi ndogo. Anza na maiki za juu na za chumba, hizo ndo picha ya seti nzima, alafu ingiza kiki na sneya mpaka zisimame. Kiki uzito wake uko 50 mpaka 80 Hz, ule ubokoboko uko 250 mpaka 400 punguza, mlio wa kugonga uko 3 mpaka 5 kHz. Sneya mwili 200, mlio wa kukata 5 kHz. Maiki za juu kata chini ya 200. Kompresa (inayobana sauti kubwa) ya sneya nne kwa moja, ataki, yaani muda kabla haijaanza kubana, usiifanye ya haraka sana, milisekunde 15 hivi, ikiwa 1 inakula ule mlio wote wa kugonga. Usivute kwa nguvu, plagini nyingi za drams zinakuja zimeshapikwa tayari, ukizipika tena zinaungua. Na usisogeze traki za maiki za juu mbele au nyuma ukidhani unarekebisha, zimeshapangwa na waliorekodi. Riverbu iwe moja tu kwenye traki yake, sneya na tomu zitumiwe huko, kiki usiipeleke. Masta iache nafasi, drams zenyewe zikipiga dB -8 au -6 inatosha.

Alafu sikiliza kwa mono (kushoto na kulia zikiwa kitu kimoja) kwenye simu, maana wimbo utaishia kwenye simu, kwenye bajaji na kwenye zile spika za honi za kanisa, kiki ikipotea kwenye simu ongeza ule mlio wa kugonga wa 3 kHz usiongeze besi.

Laptopu ikianza kukwama rudisha bafa 1024, traki zigandishe (freeze, zinageuka sauti tupu zisichoshe kompyuta), na bonyeza Ctrl na S kuhifadhi kila ukikumbuka kwasababu umeme ukikatika na betri ni ya kubahatisha hutakumbuka velositi ulizoweka. Mwisho toa kila traki faili la wav la 24-bit uhifadhi kwenye folda yenye jina la kwaya, wiki ijayo watarudi, mzee wa kanisa mmoja atakuwa amesema drams zimezidi.