Namna ya Kudai Matunzo ya Mtoto Tanzania Bara

Mzazi anayelea mtoto peke yake hahitaji kusubiri talaka, wala si lazima awe amewahi kufunga ndoa, ndipo adai matunzo. Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalowachelewesha wengi: mama hukaa miaka akiamini kwamba mahakama haitamsikiliza kwa kuwa hakuolewa, kumbe Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtazama mtoto mwenyewe, aliye chini ya miaka 18, na si cheti cha ndoa cha wazazi wake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, kwa hiyo taratibu za hapa zisichukuliwe kuwa ndizo za Unguja na Pemba.

Ikiwa hukuolewa na baba wa mtoto, hesabu miezi kwanza. Maombi dhidi ya mwanamume unayesema ndiye baba hupelekwa wakati wa ujauzito au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Muda huo ukipita, utatakiwa kuthibitisha kwamba alitoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo 24, au kwamba aliondoka Tanzania Bara katika kipindi hicho na wewe umeleta maombi kabla ya miezi 24 kuisha tangu arejee. Hapo ndipo ujumbe mmoja wa simu, unaoonyesha kwamba alituma shilingi 20,000 mtoto akiwa na miezi mitatu, unapoweza kuiokoa kesi nzima. Usiufute, na usiutegemee kubaki kwenye simu peke yake, maana simu huibwa. Omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu na uitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.

Kisha nunua daftari la kawaida la shule. Gawa ukurasa kwa rula katika safu nne: tarehe, kilichonunuliwa, kiasi, na aliyelipa. Andika maziwa, dawa ya kikohozi, nauli ya kliniki, sare, mchango wa chakula shuleni, na sehemu ya kodi ya chumba, kila kitu siku ile ile kilipolipwa, hata kama ni shilingi 1,500. Hakimu anapopanga kiasi huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu waliyonayo kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mwombaji anayesema tu kwamba anataka laki mbili kwa mwezi huulizwa laki mbili hizo ni za nini, na mwenye daftari hujibu bila kubabaika.

Kabla ya mahakama, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye humwita mzazi mwenzako na kujaribu kuwapatanisha. Mkikubaliana, hakikisheni makubaliano yameandikwa na kusainiwa. Yakishindikana, maombi hupelekwa Mahakama ya Watoto, na karani wa mahakama iliyo karibu nawe atakuelekeza inakoketi. Bibi, mjomba au mlezi mwingine anayekaa na mtoto anaweza pia kuomba. Baba akimkana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua.

Kuhusu nani akae na mtoto, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mtoto aliyekua vya kutosha husikilizwa. Nakusihi sana usimfiche mtoto kwa sababu baba hajatuma fedha, wala baba asiache kutuma kwa sababu hajaonyeshwa mtoto. Kila moja kati ya hayo lina maombi yake mahakamani, na anayeumia katikati ni mtoto.

Anayetaka talaka atapitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana isiwe imezidi miezi sita anapofungua shauri.

Wengine hukimbilia polisi wakitaka baba akamatwe ili alipe. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni mahali sahihi pa kwenda penye kipigo, vitisho au mtoto aliyetelekezwa. Lakini fedha ya kila mwezi hupatikana kwa amri ya mahakama. Atakayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu, na dhamana ya polisi hailipiwi.

Amri ikishatolewa, kwa kawaida hudumu mpaka mtoto afikishe miaka 18, na inaweza kuendelezwa akiwa bado masomoni. Malipo yakikatika, rudi mahakamani uombe kukazia amri, yaani itekelezwe kwa nguvu, ambapo mali au mshahara wa mdaiwa unaweza kuguswa. Endelea basi na daftari lile lile, ukiandika kila malipo yanayoingia na kila mwezi uliopita bila malipo, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa siku hiyo ni miezi ipi hasa haikulipwa.