SOMO: Nguvu ya ghafla ya mabega na kiwiliwili kwa wachezaji wadogo wa tenisi

Habari za jioni wadau. Wazazi kadhaa hapa Arusha wameniuliza swali lilelile: mtoto anapiga pushapu kila siku, mbona sevu yake, yaani pigo la kuanzishia mchezo, bado haina kasi? Niliahidi kuandika, na leo natimiza.

Pushapu ya polepole hujenga nguvu. Tenisi inataka nguvu hiyo itoke kufumba na kufumbua, na hilo hufundishwa kwa njia nyingine. Mwangalie mtoto anayerusha jiwe kuangusha embe. Haanzi mkono ukiwa mbele. Anaurudisha nyuma kwanza, halafu anaugeuza ghafla. Mkono unaporudi nyuma, misuli na kano hunyooka na kuweka nguvu kama mpira wa manati. Ila mpira wa manati unaweza kuuvuta na kuushikilia hadi ndege atulie. Misuli haina subira hiyo: ukichelewa kugeuza, ile nguvu hugeuka joto tu na kupotea. Mazoezi ya plaiometriki ni kuufundisha mwili kugeuza bila kuchelewa. Ndiyo maana nasema uzito wa mpira si hoja kubwa. Hoja ni ule mgeuko.

Kabla hujamwanzishia mtoto, mpime. Kipimo changu ni pushapu 10 safi, mgongo haujapinda, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu kwa sekunde 30 bila kiuno kushuka. Asiyefika hapo ajenge msingi kwanza kwa wiki chache.

Vifaa

Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59 hivi. Mpira mkubwa wa kikapu una karibu gramu 600, yaani mara kumi. Kwa mtoto anayeanza huo unatosha, na unadunda vizuri ukutani.

Mpira mzito nautengeneza mwenyewe. Tafuta mpira wa miguu uliochakaa, ukate mpasuo wa vidole viwili, toa kibofu cha ndani. Usijaze mchanga mtupu: utafika kilo nane au tisa, na huo si mpira wa mtoto. Omba maranda kwa fundi seremala, changanya na mchanga kidogo uliokauka vizuri juani, funga kwenye mfuko wa nailoni mgumu, sokomeza ndani. Nenda dukani kwa muuza unga ukaombe mizani. Miaka 10 hadi 12 nawapa kilo 1, miaka 13 hadi 15 kilo 2. Shona mpasuo kwa uzi wa fundi viatu, kisha bandika kiraka cha baiskeli juu yake. Ukiutikisa na kusikia mchanga unahamia upande mmoja, maranda hayajatosha. Fungua uongeze, kwa sababu mpira unaoyumba unapotosha kifundo cha mkono.

Hatua ya 1: Pasha mwili

Dakika 10 za kukimbia taratibu, kuzungusha mikono na kurusha mipira ya tenisi kwa mkono. Juni na Julai, Meru ikijifunika mawingu na asubuhi ina baridi kali, fanya dakika 15.

Hatua ya 2: Kifuani hadi ukutani

Mtoto asimame mita moja na nusu kutoka ukutani na mpira wa kikapu. Anasukuma kutoka kifuani, anadaka, anasukuma tena papo hapo. Hapa tumia masikio yako. Mpira ukigonga ukuta na kisha kiganja, unasikia "ta-pa, ta-pa", milio imeshikana. Ikianza kuachana, "ta... pa", seti, yaani awamu moja ya marudio, imekwisha hata kama amefika mara tano tu. Usimhesabie hadi nane eti kwa sababu somo limesema nane. Akichoka anafundisha mwili wake uvivu.

Hatua ya 3: Ubavuni

Hii ndiyo roho ya somo, msiipitie haraka. Mtoto asimame kama anayepiga fohendi, yaani pigo la upande wa mkono wa raketi, ubavu ukielekea ukutani au kwa mwenzake, mpira mikononi mwote, usawa wa kiuno. Anaurudisha nyuma kwa kuzungusha kiwiliwili, uzito unashuka kwenye mguu wa nyuma, halafu nyonga inaanza kugeuka kabla ya mabega. Mabega yanafuata. Mikono inakuja mwisho.

Watoto wengi hugeuza mpangilio huu, wanaanza na mikono. Utamjua kwa kisigino cha nyuma: akirusha kwa mikono tu, kisigino kinabaki chini kama kimegundishwa. Akirusha vizuri, kinanyanyuka na goti linageukia mbele. Mimi huchuchumaa nikatazama visigino tu, sitazami mpira unakwenda wapi. Zaidi ya nusu ya nguvu ya sevu hutoka miguuni, nyongani na kiwiliwilini. Bega linalolazimishwa kuzalisha yote peke yake ndilo linaloumia. Rusha upande wa bekihendi, yaani ule mwingine, idadi ileile.

Hatua ya 4: Juu ya kichwa

Tumia mpira wa maranda, maana haudundi ukamrudia usoni. Ainue juu, ajinyooshe mpaka vidole vya miguu, aubamize chini mbele yake. Kisha arushe mbali kama anayerusha mpira wa kuingiza uwanjani, mikono yote miwili. Kwa mkono mmoja simpi mtoto mpira mzito kabisa.

Hatua ya 5: Pushapu ya kuruka

Mikono ukutani au kwenye meza imara, ajisukume hadi viganja viachie, atue kwa viwiko vilivyolegea kidogo. Mara sita zinatosha. Ya sakafuni ni ya wakubwa.

Hatua ya 6: Breki

Mkono uliorusha lazima usimamishwe, na kazi hiyo ni ya misuli midogo ya nyuma ya bega. Mtoto apige goti moja, ainue mkono wa raketi pembeni, kiwiko kimekunjwa. Wewe simama nyuma yake kwa pembeni, mtupie mpira wa kawaida wa tenisi, adake na kuurudisha nyuma kwako kwa haraka. Mara 10. Linaonekana zoezi la kitoto, lakini silikosi hata siku moja.

Kipimo cha wiki

Siku mbili kwa wiki, zikipishana saa 48 au zaidi. Hatua ya 2 hadi ya 4, seti mbili za mara 8, na mapumziko ya dakika moja kati ya seti. Fanya mwanzoni, mwili ukiwa mpya, raketi baadaye.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kulikosea. Nilipokuwa kocha mchanga nilimpa kijana wa miaka 12 marusho 100 baada ya saa mbili za kucheza. Alikuwa na bidii, hakulalamika. Wiki ya tatu hakuweza kuinua mkono kuchana nywele. Daktari alitueleza kwamba mfupa wa mkono wa mtoto una gegedu la ukuaji karibu na bega, na lilikuwa limechokozwa. Alikaa wiki sita bila raketi, akija kutazama wenzake. Nilimwomba radhi yeye na mama yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama, Sakina: Asante kocha. Binti yangu ana miaka 8, naye aanze?

Aanze kwa michezo, mama. Mpe mpira mwepesi wa kawaida, mrushiane kifuani na ubavuni, dakika 10. Wa kilo asubiri.

Mwalimu wa michezo, Usa River: Nina watoto 40, mipira ya miguu minne, ukuta hakuna.

Mwalimu, mpira wa miguu una gramu 410 hadi 450, unafaa. Gawa makundi manne, kila kundi wawili warushiane na wengine wapumzike wakihesabu. Mapumziko yao yanapatikana hapo hapo.

Mzazi, Dar es Salaam: Tukija Arusha mipira ya mwanangu inatoka nje. Nguvu zimezidi?

Hapana ndugu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakwenda kasi zaidi. Kanuni za tenisi zina mpira maalumu wa mahali palipo juu ya mita 1,219. Mkikosa huo, mwambie aongeze mzunguko wa mpira. Asibane mkono. Akizoea kubana, kazi yote ya hatua ya 3 inaharibika.

Kijana wa miaka 15, Moshi: Shikamoo kocha. Nanyanyua vyuma, naweza kutumia mpira wa kilo 5?

Marahaba kijana. Jaribu wa kilo 2 kwanza, kisha wa 5, mwenzako akurekodi kwa simu. Ukiona wa 5 unakaa mikononi muda mrefu kabla ya kutoka, hilo ni zoezi la vyuma kwa jina lingine. Baki na 2.

Baba, Njiro: Nitatofautishaje uchovu na kuumia?

Uchovu husambaa kwenye misuli, huja kesho yake na kuondoka ndani ya siku mbili. Akikuonyesha kwa kidole sehemu moja, juu ya mkono karibu na bega au upande wa ndani wa kiwiko, simamisha marusho na sevu, mpeleke kwa daktari.

Baba, Njiro: Ana mechi Jumamosi na kiwiko kinamuuma hapo ndani. Nimpe dawa ya maumivu acheze?

Usimpe, ndugu yangu. Dawa itaficha maumivu na gegedu litaendelea kuumia. Mtoe kwenye mechi, kesho aonwe na daktari, kisha nitumie ujumbe nijue amesemaje.