Usinoe kila kisu kwa mtindo mmoja
Jamani kisu kukata vizuri sio kunoa tu, cheki na umbo lake. Kisu chembamba chenye makali yaliyonolewa kwa pembe ya nyuzi (digrii) kama 15 kila upande kinapita kwenye nyanya bila kuiponda, ila ukikipiga kwenye mfupa wa mbuzi kinatoka mapengo hapohapo maana nyuma ya makali hakuna chuma cha kuyashikilia, kazi ya mifupa ipe panga lenye mgongo mnene na ulinoe nyuzi 25 hadi 30. Kuchuna ngozi tafuta chenye makali yaliyopinda, yaliyonyooka ni ya kukatakata sukuma wiki ubaoni. Na ile ncha nyembamba msifungulie makopo jamani, inakatika!