Camaro ya 1967 inateleza nyuma? Anza na tairi

Watu wengi wenye Camaro, gari la Chevrolet, ya 1967 yenye injini ya V8 hukimbilia kununua difu mpya gari likianza kuserereka nyuma. Subiri kwanza. Inama usome tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya utambulisho wa tairi) ubavuni mwa tairi: 2314 maana yake wiki ya 23, mwaka 2014. Raba ya umri huo imekakamaa hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa, na hakuna chuma utakachofunga kitakachoiponya.

Upepo nao: chora mstari wa chaki kuvuka kashata, endesha taratibu palipo nyooka, kisha utazame. Chaki ikifutika katikati tu, umejaza kupita kiasi.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye springi. Camaro za mwaka ule zilitoka na springi ya bamba moja tu la chuma kila upande. Ukikanyaga mafuta, ekseli inajisokota, pua ya difu inainuka, springi inajikunja kama herufi S, halafu inafyatuka. Ndiyo ile ngoma unayoisikia chini ya kiti. Mwaka 1968 Chevrolet wenyewe waliweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili kuituliza.

Kwa gari la barabarani, springi za bamba kadhaa na bushi mpya zinatosha. Ukiongeza vyuma vya kuzuia msokoto, hakikisha raba yake inagota chini ya jicho la mbele la springi. Ikigota katikati ya bamba, utaipinda.